Pikapu kubwa ya dizeli: jinsi ya kujua inakula mafuta kiasi gani kweli, na jinsi ya kuipunguzia

Wakuu mlioko Marekani, hasa nyie mnaotaka kuingia kwenye hotishoti, yaani kubeba mizigo kwa pikapu na tela, swali ninaloulizwa kila mara ni "hii F-350 inaenda maili ngapi kwa galoni?" na muulizaji anakuwa ameshaangalia ile karatasi ya dirishani kwa muuzaji hajaona namba yoyote. Hutaiona. Namba ya mafuta inalazimishwa kwa magari madogo, pikapu ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa ikiwa na mzigo umezidi pauni 8,500 (kama kilo 3,850) haimo kwenye sheria hiyo, na F-250, Ram 2500, Silverado 2500HD na kaka zao wakubwa wote wako juu ya hapo. Kwa hiyo namba unaitafuta mwenyewe, na nawaomba muitafute vizuri, maana nimeona watu wanapanga bei ya mzigo kwa namba ya kusikia halafu hela inaishia njiani.

Kwanza dashibodi iache kidogo. Ile kompyuta inakadiria tu kutokana na mafuta yanayopulizwa kwenye injini, yangu mimi inanizidishia kama maili moja kwa kila galoni, na ukibeba mzito inazidisha zaidi. Fanya hivi: nenda sheli, jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, sogeza kihesabu safari kiwe sifuri, tembea mpaka tangi lishuke chini ya nusu kabisa, rudi kwenye pampu ileile ukiweza, gari likae upande uleule, jaza tena mpaka ijikate. Maili ulizotembea gawa kwa galoni zilizoingia sasa hivi. Mfano maili 412.6, zimeingia galoni 24.9, hapo ni 16.6. Mliozoea hesabu za nyumbani zidisheni kwa 0.425, inakuja kama kilomita 7 kwa lita, na kwa gari lenye tani tatu na nusu kabla hujaweka hata begi, hiyo sio mbaya hata kidogo.

Hapo kwenye kujaza ndipo pana mtego. Dizeli inatoa povu, ukibana bomba mpaka mwisho povu linapanda linagusa ncha na pampu inajikata wakati tangi bado lina nafasi ya galoni moja hata mbili, ukirudi next time povu likiwa dogo zinaingia zaidi na hesabu yote inaharibika. Jaza taratibu, ikijikata subiri nusu dakika, jaza tena mpaka ijikate mara ya pili, acha. Kila siku fanya hivyohivyo. Na tangi moja halitoshi kukuambia kitu, chukua matatu au manne, jumlisha maili zote, jumlisha galoni zote, ndio ugawe.

Kama umebadilisha tairi ukaweka kubwa kuliko zilizokuja na gari, kihesabu maili kinakudanganya, kinasoma pungufu. Washa ramani ya simu kwenye haiwei utembee maili 100 za GPS, ukiona gari limeandika 97 basi kila maili za gari zidisha kwa 1.03.

Sasa sikilizeni hii kwa makini maana ndiyo kiini cha yote: weka daftari mbili, moja ya gari tupu na moja ya gari lenye mzigo, na usichukue wastani wa namba mbili. Tuseme umeenda maili 400 na mzigo kwa maili 10 kwa galoni, ukarudi 400 tupu kwa 18. Mtu anasema wastani 14. Sio. Kwenda umechoma galoni 40, kurudi 22, jumla 62 kwa maili 800, hiyo ni 12.9. Ukipanga safari kwa 14 umejinyima galoni tano kila mzunguko bila kujua zimeenda wapi. Na kwa sababu hiyohiyo, maili moja uliyoiongeza ukiwa na mzigo ina thamani kubwa kuliko ukiwa tupu: kutoka 10 kwenda 11 kwa maili elfu moja unaokoa galoni 9, kutoka 20 kwenda 21 unaokoa 2 na kidogo. Kwa hiyo nguvu zako zote weka kwenye siku za mzigo.

Utarajie nini? Iwe injini ya Power Stroke ya lita 6.7, Cummins ya 6.7 au Duramax ya 6.6, nilizoendesha na za jamaa ninaofanya nao kazi zote zinaangukia humohumo: tupu haiwei kwa spidi ya maili 65 kwa saa ni maili 17 mpaka 20 kwa galoni, mjini 12 mpaka 15, na tela lenye mzigo 8 mpaka 12. Dualli, yenye tairi nne nyuma, inakaa upande wa chini. Anayekuambia anapata 25 muulize kapimaje.

Cha kwanza kinachopunguza mafuta ni spidi, na hakuna cha pili kinachokikaribia. Kutoka 60 kwenda 75, upinzani wa hewa unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na tela refu lenye mzigo ulioinuka juu ya kabini ni kama umebeba ukuta. Mimi nikivuta gusineki, lile tela linalofungwa kwenye bodi ya nyuma ya pikapu, kwa 75 napata 8.5, kwa 65 napata 10, kwa maili 400 hiyo ni galoni saba zimebaki tangini na nimechelewa dakika kama hamsini. Mzigo ukiweza kulala chini ulaze, turubai lifunge lisipepee, tela tupu kama halina kazi liache nyumbani. Halafu angalia upepo kabla ya kuondoka kama unavyoangalia mvua. Barabara kuu ya Interstate 80 pale jimbo la Wyoming kati ya Laramie na Rawlins upepo wa mbele unaweza kukula kuliko mlima, siku kama hizo ukiweza kusubiri subiri, usiposubiri punguza spidi.

Halafu kuna rijeni, yaani chujio la ekzosi kujisafisha lenyewe. Hizi gari tangu 2007 zina chujio la masizi kwenye ekzosi, likijaa kompyuta inapuliza mafuta ya ziada ili lipate joto la kuyachoma, na mafuta hayo hayakusogezi hata futi moja. Ukiendesha safari fupifupi za mjini, rijeni inakuja mara kwa mara na ukizima gari katikati inaanza upya baadaye, yaani umelipa mara mbili. Ukiona imeanza, endelea kutembea haiwei mpaka imalize. Watu watakushauri ulitoe chujio, tafadhali usikubali, ni kosa la sheria ya shirikisho na faini yake inameza akiba yote ya mafuta.

Kuacha injini inaunguruma umesimama ni karibu nusu galoni kwa saa, ukilala humo usiku mzima hesabu mwenyewe, tena masizi yanajaa haraka. Tairi pima asubuhi zikiwa baridi, za mzigo mzito zinataka pressure kubwa, fuata kibandiko cha mlango. Baridi kali dizeli inachanganywa na nyepesi isigande, ina nguvu kidogo, kwa hiyo Januari namba ikishuka usikimbilie kwa fundi. Na kama bado hujanunua, uliza uwiano wa gia za difu: 3.42 au 3.55 inatulia haiwei, 4.10 ina nguvu ya kuvuta ila injini inazunguka zaidi kwa spidi ileile, chukua hiyo kama mizigo yako kweli ni mizito kila siku.

Ukishapata namba zako mbili, bei ya mzigo inakuja hivi: ile safari ya galoni 62, dizeli ikiwa dola 4, ni dola 248, na anayekulipa anakulipa maili 400 za kwenda tu, kwa hiyo mafuta peke yake ni senti 62 kwa kila maili ya kulipwa, sio 40 kama ungehesabu kwenda tu. Mzigo wa kurudi ukipatikana piga hesabu upya. Risiti za sheli zote tunza na maili za kila jimbo andika, maana gari na tela kwa pamoja vikizidi pauni 26,000 na unavuka majimbo unaingia kwenye IFTA, mpango wa majimbo wa kugawana kodi ya mafuta, na wao wanataka kumbukumbu za miaka 4.