Mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka kwenda kula Shepparton

Kwanza piga simu. Usiniambie umeangalia kwenye ramani ya simu ukaona wameandika kuwa wako wazi. Piga, subiri mtu apokee, umuulize swali moja tu: jiko linafungwa saa ngapi? Usiulize "mnafunga saa ngapi", kwa sababu utatajiwa saa ya kufunga mlango, na katika miji ya ndani ya Australia mlango na jiko havijuani kabisa. Hili nitalirudia hapo chini kwa kirefu, maana nimeona watu wazima wenye heshima zao wakitaabika kwa ajili yake.

Nazungumzia Shepparton kwa sababu ndiko ninakokufahamu. Ni mji wa matunda kaskazini mwa jimbo la Victoria, kama kilomita 180 kutoka Melbourne, mji wa mapea na mapichi na kiwanda cha SPC kinachoyatia makoponi, kampuni iliyoanzishwa 1917. Familia za wakimbizi kutoka Kongo zilianza kupelekwa kuishi huko mwaka 2005, kwa hiyo Kiswahili utakisikia madukani, na wageni wanapanda kutoka Melbourne kwa harusi, ubatizo, posa na misiba. Hao wageni ndio ninaowaandikia. Ukienda Mildura au Wagga Wagga badilisha jina la mji tu, mengine mengi ni yale yale.

Weka nafasi. Mkizidi watu sita, hilo si la kujadili. Na Siku ya Mama, ile Jumapili ya pili ya Mei, hata mkiwa wawili wekeni nafasi mapema sana, la sivyo mpikieni mama nyumbani.

Angalia ni siku gani. Jumatatu na Jumanne migahawa mingi imelala. Ijumaa Kuu na Krismasi usitegemee kitu. Tarehe 25 Aprili, siku ya kuwakumbuka wanajeshi, maduka mengi hayafunguliwi mpaka saa saba mchana. Victoria pia wana mapumziko Ijumaa ya kuamkia fainali ya mpira wao wa AFL, na wageni wengi husahau kwamba hiyo ni sikukuu halali. Watakaofungua siku za sikukuu wataongeza asilimia 10 au 15 juu ya bili. Si wizi. Sheria inawataka waiandike kwenye menyu, kwa hiyo isome kabla ya kuagiza, usije ukapiga kelele baada ya kushiba. Kibarua wa hoteli siku ya sikukuu analipwa mara mbili na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, na Jumapili nayo ina nyongeza yake. Mwenye baa anahesabu kila dakika mpishi anayokaa bila kazi. Ndiyo maana jiko linazimwa mapema, hata kama mji mzima bado una njaa.

Ukiingia baa kubwa, usikae ukisubiri mhudumu aje na kitabu. Hakuna anayekuja. Tafuta meza, kariri namba yake, nenda kaunta, agiza na ulipe papo hapo. Kuna mahali utapewa kidude cha plastiki kinachotetemeka chakula kikiwa tayari. Usiwape watoto wakichezee.

Sasa habari ya jiko.

Ilikuwa Jumapili na tumekwenda posa. Mimi nilikuwa upande wa waoaji, tumetoka Melbourne asubuhi na wazee wetu, wenyewe wa binti wanaishi Shepparton. Kijana aliyekuwa akipanga mambo, mwenye nia njema kabisa, aliamua kwamba mazungumzo yakiisha wakwe wote tutoke tukale mahali pazuri, akina mama wapumzike jikoni kwa siku moja. Akasema ameshaulizia, kuna baa kubwa katikati ya mji, iko wazi mpaka saa tano usiku. Basi. Nani aliwahi kuona posa ya Kikongo ikaisha kwa wakati? Mahari ilizungumzwa, ikakwama kwenye mbuzi wanaogeuzwa kuwa dola, wazee wakatoka nje kunong'onezana, wakarudi, ikakwamuliwa, ikakwama tena kwenye koti la baba.

Tulifika mlangoni saa mbili na dakika kumi usiku. Taa zinawaka, mpira uko kwenye televisheni, watu wamejaa kaunta na bia zao. Baba mdogo wa binti, mzee wa suti ya kijivu na mkongojo, akavuta kiti akaketi. Dada wa kaunta akatuambia jiko limefungwa tangu saa mbili. Tukageuka kutazama upande wa kulia chakula: viti vimeshapandishwa juu ya meza, na kijana mmoja anaburuta ndoo ya kupigia deki.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Wametuona rangi."

Hakuna aliyembishia. Tuliokaa nchi hii tunajua kwamba hilo hutokea, na mzee wa umri ule hahitaji kufundishwa kulitambua. Tukabaki tumesimama, kila mtu anatazama viatu vyake. Hapo mzungu mmoja mzee, mwenye kofia ya shambani, wa aina ile ambayo kiti chake pale kaunta ni kama amekirithi, akaomba bakuli la chipsi. Akajibiwa vilevile, jiko limefungwa, akasukumiwa pakiti ya krispi. Akaifungua bila kinyongo akaendelea na mpira wake. Baba mdogo alicheka mpaka akashika meza.

Lakini kicheko hakishibishi. Yule mzee ana kisukari, na alikuwa amejidunga insulini kabla ya kutoka nyumbani kwa sababu aliambiwa chakula ni baada ya nusu saa. Insulini ikishaingia mwilini haijui kwamba mpishi amekwenda kulala. Tulipokuwa tunabishana twende wapi, jasho likaanza kumtoka usoni na mkono ulioshika mkongojo ukawa unatetemeka. Shangazi wa binti ndiye aliyeona. Aliipasua ile foleni ya wanywa bia, akarudi na glasi ya juisi ya machungwa, akamnywesha mpaka tone la mwisho, kisha nyingine. Baa yoyote ina juisi ya machungwa. Likumbuke hilo hata ukisahau mengine yote niliyoandika hapa.

Alipotulia tukazunguka mji. Mgahawa wa Kichina, giza. Wa pili, wanahesabu pesa za siku. Tukaishia kwenye dirisha la chakula cha kununulia garini, kando ya barabara kuu, wakwe wamejipanga kwenye maegesho na suti zao, akina mama wameweka karatasi za kufutia mikono juu ya vitenge vipya ili mchuzi usiwachafue. Waliokuwa na hamu ya kusema walijizuia. Ila siku ya kulipa mahari tulikuta blanketi moja limeongezwa kwenye orodha, na hakuna upande wetu aliyethubutu kuuliza la nini.

Kwa hiyo hesabu kinyumenyume. Jiko likizimwa saa mbili, oda ya mwisho ni robo saa kabla, na mkiwa kundi jikoni hawatapenda mwagize wote dakika ya mwisho. Muwe mmeketi saa kumi na mbili na nusu. Mchana wanapika kuanzia saa sita mpaka saa nane, kisha hakuna kitu mpaka saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili jioni. Ukifika saa tisa na watoto wenye njaa, utapona kwa duka la mikate, na hilo nalo linafungua alfajiri kwa ajili ya mafundi na linaweza kuwa limefunga saa kumi. Mwenye insulini ya mlo asijidunge kwa kuamini ahadi ya mtu. Asubiri sahani aione kwa macho, kama daktari wake atakavyomwelekeza, na mfukoni asikose kitu chenye sukari. Na kama mna mazungumzo marefu, kuleni kwanza. Baadaye wenyeji walituambia kwamba usiku ule tungekwenda kwa wauza kebabu tungekula vizuri tu. Asante sana.

Hao wauza kebabu niwataje vizuri. Mara nyingi ndio wanaochelewa kufunga, na kuna boksi lao la chipsi zilizofunikwa nyama ya kebabu, jibini na sosi za vitunguu saumu, pilipili na barbekyu, ambalo watu wawili wanashiba. Kwa Waislamu Shepparton si mji wa kuhangaika kama mingine. Waalbania walifika kulima matunda tangu miaka ya 1920, na msikiti wao ndio wa kwanza kujengwa Victoria. Hata hivyo uliza. Kibandiko cha halali mlangoni kinaweza kuwa kinamhusu kuku peke yake.

Na usile parma kwa kudhani ni kuku tu. Kila baa inayo: kifua cha kuku kilichopondwa, kikavingirishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa, juu mchuzi wa nyanya na jibini iliyoyeyuka. Huku Victoria, kati ya mchuzi na jibini wanalaza kipande chembamba cha nyama ya nguruwe, na jibini inakificha kabisa. Nimemwona mama mmoja mwenye hijabu akiwa ameshamaliza robo ya sahani ndipo akainua ile jibini kwa uma. Sema kabla, "bila nguruwe", na kama unataka uhakika wa mafuta ya kukaangia, kula mahali pengine. Samaki anayeitwa flake kwenye maduka ya chipsi ni papa. Kwa watu wa pwani hiyo ni habari njema, wengine mjue mnachokula.

Klabu za wanajeshi wastaafu, zile za RSL, zina chakula kingi kwa bei ya kuvumilika, lakini zina adabu zake. Beba kitambulisho, mgeni anaandikishwa mlangoni. Vua kofia. Kandambili na fulana zisizo mikono ziache nyumbani. Katika nyingi, ikifika saa kumi na mbili jioni, taa zinapunguzwa na linasomwa shairi fupi la kuwakumbuka waliokufa vitani. Weka uma chini, simama, nyamaza, watoto pia. Ni dakika chache, na ukiendelea kutafuna utakumbukwa vibaya. Jambo jingine: bei ile mara nyingi inabebwa na mashine za kamari zilizo chumba cha pili. Mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuingia humo, lakini mjomba anaruhusiwa. Mjomba akisema anakwenda chooni na akachelewa, mfuate.

Sahani ni kubwa, usimwagizie kila mtoto ya kwake. Maji ya bomba ni bure mahali panapouzwa pombe, yaombe. Bakshishi si lazima, hakuna atakayekununia. Ukiona BYO mlangoni, unaruhusiwa kuja na kinywaji chako, ila wanaweza kukutoza kwa kukifungua. Kulipa kwa kadi kunaweza kuongeza kidogo kwenye bili, beba noti chache. Mwenye mzio wa karanga amwambie mhudumu mwenyewe, asimwachie mtoto atafsiri. Pilipili beba yako.

Halafu kuna safari ya kurudi. Usishibe ukaingia barabarani jua linapozama, hiyo ndiyo saa ya kangaruu, na kangaruu mkubwa anaharibu redieta na safari nzima. Kama ni lazima, endesha polepole mpaka uingie barabara ya Hume karibu na Seymour. Vituo vikubwa vya mafuta vya kando ya Hume vinakesha, vingine vya njiani usivitegemee usiku. Jaza mafuta kabla hamjaketi kula. Weka chapati na maji kwenye buti hata kama umeweka nafasi, hata kama umepiga simu mara mbili. Chaji simu. Na mkubaliane nani anaendesha kabla glasi ya kwanza haijamiminwa: Victoria dereva wa kawaida anatakiwa pombe kwenye damu yake iwe chini ya asilimia 0.05, na mwenye leseni ya P, ile ya madereva wapya, ni sifuri kamili, hata kama ni bia ya kupokezana na mkwe.