Somo: Kujenga treni halisi ya mjini ndani ya Minecraft bila kupotosha umbo lake

Mara kwa mara naulizwa kwa nini behewa alilolijenga fulani katika Minecraft, mchezo wa kompyuta na simu wa kujenga kwa bloku, limetoka kama kontena lenye madirisha, ilhali picha aliyoifuata ni ya treni halisi. Nimechoka kulijibu swali hilo kwa mtu mmoja mmoja, hivyo naweka maelezo yote hapa, na naomba yasomwe kabla ya kuweka bloku ya kwanza. Mfano wangu ni E235, treni inayotoa huduma katika njia ya Yamanote jijini Tokyo tangu Novemba 2015. Njia hiyo ni mzunguko wa kilomita 34.5 wenye stesheni 30. Nimeichagua kwa sababu vipimo vyake vinajulikana na uso wake ni bapa, kwa hiyo anayeanza hasumbuliwi na mikunjo. Somo linahusu treni iliyosimama, kwa kuwa treni ya bloku haitembei juu ya reli za kawaida za mchezo huu.

Hatua ya 1. Fungua dunia tambarare katika hali ya ubunifu.

Hatua ya 2. Andika vipimo halisi kwenye karatasi: behewa lina urefu wa mita 20, upana wa mita 2.95, na kimo cha takriban mita 3.6 kutoka kwenye reli. Lina milango minne kila upande, na treni nzima ina mabehewa 11.

Hatua ya 3. Amua upana, kisha upana huo uamue vipimo vingine vyote. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Bloku moja ni mita moja, na kwa hesabu hiyo behewa lingekuwa na upana wa bloku 3. Lakini kuta mbili zinakula bloku 2, na ndani inabaki njia ya bloku moja isiyo na mahali pa kuweka kiti. Mjenzi akiona hivyo huongeza upana hadi 5 na kuacha urefu ule ule wa 20, na hapo ndipo kontena linapozaliwa. Treni ya mjini hutambulika kwa wembamba wake: urefu wa behewa la E235 ni karibu mara 6.8 ya upana wake, na jicho la anayeijua treni hiyo huligundua kosa la uwiano kabla halijaona rangi. Ukichagua upana wa 5, urefu lazima uwe 34 na kimo kiwe 6, yaani kila mita ya kweli inakuwa bloku 1.7.

Nawaonya pia dhidi ya upana wa 4 au 6. Upana usiogawanyika kwa mbili una mstari wa katikati, na mstari huo ndio unaobeba mlango wa kupita kati ya mabehewa, kibao cha mwisho wa safari na kiyoyozi cha paani. Upana unaogawanyika kwa mbili hauna mstari huo, na kosa lake halionekani mpaka ufike kwenye uso wa treni, wakati kuta na sakafu vimekwisha. Kulirekebisha wakati huo ni kubomoa paa, uso na jukwaa la stesheni kwa pamoja.

Hatua ya 4. Tandika reli. Reli za E235 zimeachana kwa milimita 1,067, sawa na bloku 1.8 katika kipimo chetu. Weka mistari miwili yenye bloku moja katikati, ili vitovu vyake viachane kwa bloku 2.

Hatua ya 5. Gawa ubavu kabla ya kuujenga. Katika behewa halisi, vitovu vya milango vimeachana kwa karibu mita 5, na mlango una upana wa mita 1.3. Kwa urefu wetu, mpangilio ni huu: ukuta 4, mlango 2, ukuta 6, mlango 2, ukuta 6, mlango 2, ukuta 6, mlango 2, ukuta 4. Jumla ni 34. Bloku ya mwisho kila upande ifanye nyembamba na nyeusi, maana hapo ndipo mabehewa yanapoungana. Viti vya E235 vimepangwa kufuata ukuta, abiria wakitazamana: benchi la watu saba kati ya mlango na mlango, na la watu watatu kwenye ncha. Ukipanga viti vikitazama mbele kama vya basi, umejenga treni nyingine.

Hatua ya 6. Sakafu iwe bloku 2 juu ya reli, na jukwaa la stesheni liwe sawa nayo. Juu ya sakafu acha nafasi ya bloku 3, kisha paa.

Hatua ya 7. Rangi. Mwili ni wa chuma kisichoshika kutu, hivyo tumia bloku za chuma. Zege la kijivu hafifu huonekana zito mno. Milango ipambe kwa zege la kijani kibichi. Kumbukeni kwamba zege halina bloku nusu wala ngazi, kwa hiyo paa litumie bloku nusu za jiwe laini.

Hatua ya 8. Nakili behewa mara 10 na ujenge nyuso mbili. Katika Java, toleo la mchezo la kompyuta, amri ya kunakili, /clone, haichukui fremu za kutundikia vitu, kwa hiyo vibao ulivyovitengeneza kwa fremu vitapotea kwenye nakala. Tumia bloku ya kuhifadhia miundo na uruhusu ichukue vitu hivyo pia. Kikomo chake ni bloku 48 kwa urefu katika Java na 64 katika Bedrock, toleo la simu na vifaa vingine, kwa hiyo hifadhi behewa moja moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Kipenga: Mkuu, nimemaliza kujenga lakini treni haitembei. Tatizo ni nini?

Mwandishi: Jibu limo katika aya ya kwanza. Anayetaka treni itembee atafute modi (programu ya nyongeza) kama Create, ambayo ni ya Java, na huko atalazimika kufuata vipimo vya magurudumu ya modi yenyewe.

Mwendo Kasi: Nimetumia upana wa 6 ili ndani pawe na nafasi. Kibao cha mbele kimekataa kukaa katikati. Nifanyeje?

Mwandishi: Rudi hatua ya 3, aya ya pili.

Mwendo Kasi: Nimeisoma, lakini nauliza kama kuna njia nyingine.

Mwandishi: Njia nyingine ni kukifanya kibao kiwe na upana wa bloku 2, na kila kitu cha katikati nacho kiwe 2. Kitakaa katikati, lakini uso hautafanana na wa E235. Nimeandika onyo lile ili watu wasifike hapo.

Taruma: Shikamoo mwalimu. Mimi naishi Dar es Salaam na nataka kujenga treni yetu ya mjini, ile iliyoanza 2012 na watu wakaiita treni ya Mwakyembe, pamoja na ile ya TAZARA. Nimetafuta michoro ya mabehewa bila mafanikio. Je, nitapataje uwiano bila vipimo?

Mwandishi: Marahaba, na nakushukuru kwa swali hili, kwa sababu linawafaa wengi wasio na michoro. Vipimo unavyo tayari: viko chini ya treni. Reli ya kati, ile ya treni ya Mwakyembe, ina upana wa milimita 1,000 kati ya kingo za ndani, na ya TAZARA ina 1,067. Piga picha ya uso wa treni ukiwa mbali na ukitumia kukuza, ukiitazama moja kwa moja na si kwa mshazari, kisha pima kwenye skrini umbali kati ya reli pale pale chini ya uso, na upana wa mwili. Tuseme reli zimetoa milimita 40 na mwili 112: gawanya, utapata 2.8, yaani behewa la reli ya kati lina mita 2.8. Kwa TAZARA zidisha jibu kwa 1.067. Kimo kipate kwa njia hiyo hiyo. Kwa urefu, piga picha ya ubavu na utumie kimo ulichokipata kama rula. Usipime reli iliyo mbele zaidi kuelekea kwenye kamera, kwani huonekana pana na hesabu yote itapotoka. Omba ruhusa ya wahudumu wa stesheni kabla ya kupiga picha, na usishuke kwenye njia. Tofauti ya milimita 67 kati ya reli hizo mbili haionekani kwenye mchezo, hivyo zitandike kwa namna moja.

Behewa la Tatu: Niongezee kwa wajenzi wa Nairobi. Treni za dizeli zilizoletwa 2020 zilikuwa zimetumika kisiwani Mallorca, Hispania, ambako pia reli ni ya mita moja. Picha za huko, za wakati ule, zinafaa kwa kupima umbo. Rangi tu ndiyo mchukue kwenye picha za Nairobi.

Mwandishi: Nyongeza nzuri sana, ndugu. Hilo sikulifikiria.

Fundi wa Simu: Tupe faili tupakue, tusipoteze muda.

Mwandishi: Sitoi faili. Vipimo vyote viko hapo juu.

Zawadi ya Reli: Katika picha za Yamanote naona behewa moja karibu na mwisho halifanani na mengine. Je, ni macho yangu?

Mwandishi: Macho yako yako sawa. Katika treni nyingi za njia hiyo, behewa namba 10 lilichukuliwa kutoka aina iliyotangulia, E231, likafanyiwa marekebisho. Linakili kama mengine, kisha lirekebishe kwa kufuata picha yake, hasa madirisha.

Taruma: Mwalimu, nimeweka mabehewa yote 11 lakini kwenye simu naona nusu tu ya treni.

Mwandishi: Treni nzima ina bloku 374. Umbali wa kuona, ulio kwenye mipangilio ya mchezo, ukiwa chanki 12 (chanki moja ni bloku 16), unaona bloku 192 kila upande, kwa hiyo simama katikati ya jukwaa badala ya kwenye ncha, au ongeza umbali hadi 24 ikiwa simu yako inamudu.