SOMO: Asubuhi ya saisi kwenye banda la farasi wa mbio (soma kwanza, ndipo uulize)

Mwezi huu nimeulizwa jambo hili mara nne kwenye simu na mara mbili ndani ya matatu: "Kazi ya farasi asubuhi mnafanya nini hasa?" Naandika leo, basi. Atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, mwaka wa 15 sasa, hapa karibu na uwanja wa Ngong, Nairobi. Nina farasi watatu mkononi. Watu huja kutazama mbio Jumapili, wanadhani ndiyo kazi yenyewe. Kazi ni zile asubuhi nyingine.

Hatua ya 1. Uwe bandani saa kumi na moja kasorobo. Wa kwanza anaingia uwanjani kukipambazuka, hakungojei wewe.

Hatua ya 2. Kabla ya kumsalimia, tazama kihori. Akibakiza chakula cha jioni ana neno la kukuambia. Tazama na mavi: yakiwa machache kuliko kawaida yake, sema mapema.

Hatua ya 3. Pima joto kwa themomita, nyuma. Farasi mzima huwa kwenye 37.5 hadi 38.5. Themomita ifungwe kamba na kamba ibanwe mkiani. Niliyemwona akiifuata ndani kwa vidole hakurudia kosa hilo. Huku kwetu kuna kupe, na kuna visubi wa usiku wanaoleta ule ugonjwa wa farasi unaoua haraka, kwa hiyo hata aliyechanjwa hupimwa.

Hatua ya 4. MIGUU. Hapa tukae.

Ilikuwa Julai, baridi ile ya Ngong inayouma mpaka kucha. Nilianza kwa kujaza ndoo za maji, mikono ikafa ganzi. Kisha nikainama kupapasa miguu ya mbele ya jike mmoja mwekundu. Wa kushoto nikausikia una joto. Nikagusa wa kulia, nao una joto. Nikajiambia ni mikono yangu tu, kwa baridi hii hata ukuta ungekuwa na joto. Nusu ya hayo ilikuwa kweli. Siku hiyo alikuwa wa kupigishwa shoti, mwenye farasi amekuja kutazama, nikanyamaza. Alirudi anachechemea, kano ya nyuma ya muundi wa kushoto imetokeza kama ndizi. Ikawa mwaka mzima bila mbio. Mkufunzi hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Uligusa asubuhi?" Nilichomjibu sikiandiki hapa.

Sasa fanya hivi. Miguu iguswe KABLA ya maji. Mikono ikiwa baridi, iweke kwapani kwanza. Kama alilala na bandeji, zitoe, ngoja kama dakika 20, ndipo uguse, maana bandeji peke yake hupasha mguu. Tumia mkono uleule: kushoto, kulia, halafu kushoto tena. Hutafuti joto, unatafuta tofauti. Teremka kutoka chini ya goti hadi kifundoni. Kisha inua mguu ili kano ilegee, uibane taratibu kwa kidole gumba na cha shahada ukishuka nayo. Akivuta mguu, rudia palepale. Akivuta tena, nenda kwa mkufunzi kabla tandiko halijapanda.

Onyo: usimwambie mpanda farasi peke yake ukadhani umesema. Onyo la pili: usimwagie maji ya baridi ili "uone kama joto litashuka". Litashuka, na utakuwa umelificha.

Hatua ya 5. Brashi, kwato (chokoa kutoka kisigino kwenda mbele), lijamu, tandiko.

Hatua ya 6. Akiwa uwanjani, zoa mavi, ongeza maranda, safisha ndoo.

Hatua ya 7. Akirudi, legeza mkanda, mtembeze mpaka pumzi itulie, mwoshe, mkaushe. Nyasi kavu apewe akishapoa, nafaka baadaye.

MASWALI

Kijana wa Dagoretti: Mkuu nimepitia juu juu. Mnaanza saa ngapi na mshahara ni ngapi?
Jibu: Saa iko Hatua ya 1. Mshahara muulize atakayekuajiri.

Mzee wa Tiketi: Kwa hiyo uliumiza farasi wa watu na bado unafundisha?
Jibu: Ndiyo. Unafikiri Hatua ya 4 imekuwa ndefu kwa sababu gani?

Mama Zawadi: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ameanza kazi hiyo, anasema bandeji ndiyo inamtoa jasho. Ana haki?
Jibu: Marahaba mama. Ana haki kabisa. Mwambie pamba kwanza, ilale bila mkunjo hata mmoja. Bandeji izungushwe kutoka mbele kwenda nyuma kwa upande wa nje, mkazo uleule juu hadi chini, na kidole kipite ukingoni. Fundo likae upande wa nje, lisilale juu ya kano. Bandeji iliyokazwa vibaya huumiza kano yenyewe. Ajifunzie mguu wa kiti nyumbani, mimi nilijifunza hivyo.

Pwani Raha: Farasi wangu wa kutembeza wageni ufuoni anagaagaa tangu jana usiku, anajitazama ubavu. Nimpe soda na mafuta ya kupikia?
Jibu: Tangu jana? Acha kuandika, mpigie daktari wa mifugo SASA. Farasi hatapiki, kilichoingia hakina njia ya kurudi. Usimnyweshe kitu kwa chupa, kitaingia mapafuni. Ondoa chakula chote.
Pwani Raha: Lakini jirani alimpa punda wake soda akapona.
Jibu: Daktari.

Saisi wa Barka: Salaam kutoka Oman. Huku kiangazi mikono haipoi kamwe, na miguu ya farasi yote ni moto. Mzee mmoja alinifundisha kupaka udongo mbichi wa mfinyanzi mguu mzima. Panapokauka kwanza ndipo penye shida.
Jibu: Hii sikuwa nayo. Na kwenye kwato je?
Saisi wa Barka: Kwenye kwato nalowesha maji tu, natazama. Nimepata usaha wa ndani mara mbili hivyo, kabla hajaanza kuchechemea.
Jibu: Asante ndugu. Kesho naomba udongo kwa mfinyanzi.

Mama Zawadi: Nami nina la pembeni. Ni kweli farasi wa mbio huwekewa mbuzi?
Jibu: Kweli. Wa kwangu mmoja alikuwa akizunguka banda usiku kucha mpaka anapungua uzito, tukamletea beberu mdogo. Usiku wa tatu alilala chini. Siku hizi akienda mbioni beberu hupanda lori naye.
Mama Zawadi: Na hawagombani?
Jibu: Hawagombani. Anayegombana na beberu ni mimi. Jana amekula pamba ya bandeji mbili.