Kuzuia kiribatumbo mtaani: anzeni na lango la shule

Mtaani kwetu Makorora, hapa Tanga, mtu akirudi safari amenenepa anapokewa kwa furaha: "Mashallah, una afya!" Akirudi amepungua, watu wananong'ona. Sisi tuliofanya kazi wodini miaka ya tisini tunajua mnong'ono huo ulianzia wapi. Wagonjwa wa UKIMWI walikonda mbele ya macho yetu, dawa bado, na tangu hapo wembamba ukawa tuhuma. Nimekuwa muuguzi miaka 34. Nimemsafisha vidonda dada yangu wa tumbo moja, mgonjwa wa kisukari, hadi siku alipokatwa mguu chini ya goti. Alikuwa "ana afya" tangu alipojifungua mtoto wa pili, na hakuna aliyemwambia neno, mimi nikiwemo.

Tangu nistaafu, mimi na wenzangu wa kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, pamoja na kamati ya shule, tumeifanya kazi hii kwa miaka mitatu. Naandika tulivyofanya ili na ninyi mfanye kwenu. Nasema mapema kwamba hatuanzi na kumwambia mtu ale kidogo. Utafiti wa taifa wa 2015–16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Mwanzoni mwa miaka ya tisini walikuwa 11. Wanawake wa nchi nzima hawakukubaliana kuwa walafi. Kilichobadilika ni kinachotuzunguka: bodaboda inakufikisha mlangoni, mafuta ya kula yanapimwa hata ya mia tano, soda iko kila kibanda, na kiwanja walichochezea kaka zetu kina fremu za maduka.

Lango la shule

Chukueni daftari, simameni nje ya lango la shule ya msingi saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, siku tatu mfululizo. Andikeni kila kinachouzwa, bei yake, na watoto wangapi wamenunua. Sisi tulikuta wauzaji 14. Barafu za rangi, juisi ya unga kwenye vifuko, mihogo ya kukaanga, visheti, pipi, krispi. Tunda lilikuwa kwa muuzaji mmoja tu, maembe mabichi ya chumvi na pilipili.

Msiwafukuze wauzaji. Nalisisitiza hili kwa sababu sisi tulikosea hapo hapo. Tulipeleka malalamiko, mgambo wakaja, wakamwaga ndoo ya barafu ya mama mmoja ambaye watoto wake wawili wanasoma shule hiyo hiyo. Kesho yake wauzaji wote walikuwa wamehamia kwenye kona, hatua hamsini kutoka langoni, na hakuna aliyetaka hata kutusalimu. Ilituchukua miezi miwili kuombana radhi.

Tulipokaa nao chini ya mwembe wa shule ndipo tulipofundishwa na wao. Mtoto anakuja na shilingi 200. Chochote mnachotaka anunue lazima kiingie kwenye 200, kiliwe kwa mkono mmoja, na kishibishe hadi saa nane. Basi tukapanga pamoja: chungwa lililomenywa, kipande cha tikiti, karanga za kuchemsha, viazi vitamu, nusu ya mhindi wa kuchemsha. Machungwa ya Muheza yanapokuwa msimu, mama wanne huchangia gunia na kulifuata sokoni Mgandini alfajiri, badala ya kila mmoja kununua ya rejareja. Kikundi kiliwakopesha 60,000 bila riba kwa muhula mmoja. Msimu ulipoisha wawili walirudi kwenye barafu, hatukugombana. Tuliongeza mahindi na viazi, mmoja akarudi kwetu.

Jambo kubwa hatukuliona kwenye daftari, alituambia yule mama aliyemwagiwa ndoo. "Dada, hawa hawanunui utamu, wananunua baridi. Bomba la shule halitoi maji." Alisema kweli. Watoto mia sita na zaidi walikuwa wanakata kiu kwa maji ya sukari kwa sababu hakuna mengine. Tulichangisha, tukanunua ndoo kumi zenye koki, moja kila darasa, na zamu ya kujaza maji yaliyotibiwa. Mkiwa na fedha ya kufanya jambo moja tu, fanyeni hili. Barafu bado zinauzwa, lakini muuzaji mwenyewe anasema anatengeneza nusu ya alizokuwa akitengeneza.

Shughuli na vikao

Hesabuni mnavyokula mkiwa pamoja. Kikao cha VICOBA kila Jumamosi kilikuwa na soda na maandazi mawili kwa kila mtu. Kitchen party, maulidi, arobaini, mahafali ya chekechea, kote ni soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ni bora zaidi akibaki chini ya 25, yaani vijiko 6 hivi. Kwa hiyo mama aliyekuja kikaoni kuweka akiba ameondoka na zaidi ya hilo fungu bora la siku nzima, na bado hajanywa chai ya nyumbani.

Hapa heshima ndiyo kikwazo. Mwenye shughuli asiyetoa soda anaonekana bahili. Kwa hiyo msimwachie mmoja mmoja. Kikundi kizima kiweke utaratibu na kuuandika kwenye katiba yake. Wetu unasema: maji kwanza mezani, madafu yakipatikana, soda kreti moja kwa anayeitaka, chai isiyotiwa sukari jikoni, sukari pembeni. Mwenye shughuli akiulizwa, anajibu, "Ni utaratibu wa kikundi." Jibu hilo limewaokolea wengi aibu, na fedha pia.

Pilau hatujaigusa, wala mbaazi za nazi. Chakula chetu si adui. Tulichopunguza ni mafuta ya kukaangia, na njia iliyofanya kazi ni kuyapima: kila nyumba iandike tarehe ya kufungua lita moja na tarehe iliyoisha. Lita moja ina kalori zaidi ya 8,000. Nyumba ya watu watano iliyokuwa ikimaliza lita kwa siku nne ilijiona yenyewe kwenye karatasi, bila mtu kuihubiria.

Kupima bila kuaibisha

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunaweka mizani na futi kamba ya fundi cherehani kwenye ua wa nyumba moja, nyuma ya pazia. Kiuno kinapimwa katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi. Mwanamke akivuka sentimita 80, mwanaume 94, anashauriwa kwenda zahanati kupima sukari na shinikizo la damu. Namba yake anaijua yeye na mpimaji basi.

Watoto hatuwapimi hadharani kamwe. Na majina ya "bonge" na "tipwatipwa" tumeyakataza hata kwa utani wa mabinamu; mtoto anayeitwa hivyo uwanjani haendi tena uwanjani, anabaki ndani na krispi zake. Vilevile tumeacha kumwambia aliyepungua "vipi, unaumwa?" Semeni "nimefurahi kukuona," inatosha.

Pa kutembea

Watu wazima wanahitaji angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki, watoto dakika 60 kila siku. Sawa, lakini wapi? Nilipowauliza kina mama kwa nini hawatembei jioni, hakuna aliyesema uvivu. Walisema giza, mbwa, vijana wa kijiweni, na "watu watasema nimechanganyikiwa, mtu mzima natembea bila kwenda mahali." Tulikubaliana kutembea kumi na wawili pamoja, saa kumi na mbili asubuhi baada ya swala, na kurudi kwa njia ya sokoni, ili safari iwe na sababu. Wenye maduka walikubali kuacha taa za nje zikiwaka hadi kupambazuke. Tanga ni mji tambarare na baiskeli ni yetu tangu zamani, wanawake kwa wanaume, kwa hiyo wasichana watatu wamefufua baiskeli za baba zao.

Kiwanja ndicho kigumu. Ulizeni ofisi ya mtaa kama eneo la wazi lililobaki limepimwa na limeandikwa kwa matumizi gani, na muombe jibu kwa maandishi. Pelekeni ajenda kwenye mkutano mkuu wa mtaa, hakikisheni imeingia kwenye muhtasari, na mwende na watoto wanaocheza pale. Wenyeviti tuliowachagua Novemba 2024 waliomba kura wakitutazama usoni. Wakumbusheni kwa adabu, lakini kila mkutano. Sisi bado hatujapata hati. Tumepata ahadi iliyoandikwa kwamba hakuna fremu itakayoongezwa, na tumepanda miti kando kando.

Kilicho juu ya mtaa

Yapo ambayo ndoo zetu haziwezi. Meksiko ilianza kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji cha sukari mwaka 2014, na manunuzi yakapungua. Chile tangu 2016 inalazimisha alama nyeusi ya pembe nane kwenye pakiti yenye sukari, chumvi au mafuta mengi, na bidhaa hizo haziuzwi shuleni. Afrika Kusini tangu Aprili 2018 inatoza kwa gramu, kila gramu ya sukari inayozidi nne katika mililita 100, na hii ndiyo ninayoipenda, maana mwenye kiwanda akipunguza sukari analipa kidogo.

Andikeni barua kwa mbunge wenu, ukurasa mmoja, maombi mawili tu: ushuru ufuate kiasi cha sukari, na alama mtoto wa darasa la tatu anayoweza kuisoma. Ambatanisheni hesabu ya lango la shule yenu. Angalieni tarehe: Bunge la bajeti huanza Aprili na bajeti kuu husomwa Juni, barua ya Julai imechelewa. Yetu tuliipeleka Februari ikiwa na sahihi 212. Ya kwanza ni ya dada yangu, na nne ni za wauza barafu.