Kupima makali ya kisu kwa mshipi na mizani ya jikoni

Kwa miaka mingi nilipima makali kwa kidole gumba na kwa kukata karatasi hewani. Karatasi ndiyo iliyonidanganya zaidi. Nilikuwa na visu viwili, vyote vinaichana bila kukwama, na nikaapa vinalingana. Nilipovipima kwa kifaa hiki, kimoja kilikata mshipi wa kuvulia samaki kwa gramu 160, cha pili kwa 390.

Kazi yenyewe ni nyepesi: mshipi umetandazwa kati ya vibao viwili, vibao viko juu ya mizani, nawe unaubonyeza kwa kisu mpaka ukatike. Makali yakiwa mazuri, gramu zinakuwa chache.

Tafuta mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, vipande vitatu vya mbao, skrubu mbili zenye washa (vipete bapa vya chuma), na mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Wangu una unene wa milimita 0.25. Uzi wa cherehani usiuguse. Umesokotwa, unakatika nusu nusu, na namba zake hazitulii.

Kibao cha chini kisizibe kioo cha namba. Juu yake gundisha vibao viwili vya kimo cha sentimita 4, viachane sentimita moja tu. Pengo likizidi hapo, mshipi unapinda kama kamba ya kuanikia nguo kabla haujakatika. Skrubu zikae ubavuni, upande wa nje, mbali na njia ya kisu. Chini ya pengo weka kipande cha sponji, kwa sababu mshipi ukikatika kisu hushuka ghafla, na ukikipigiza kwenye mbao utaanza kunoa upya.

Sasa mvuto wa mshipi, ambao ulinisumbua wiki nzima. Kisu kilekile kilinipa 200, kisha 310, kisha 240. Kumbe nilikuwa nakaza mshipi kwa mkono, mara umelegea, mara umebana. Dawa yake: funga ncha moja kwenye skrubu ya kwanza, upitishe juu ya vibao vyote viwili, uzungushe kwenye skrubu ya pili bila kuikaza, halafu ning'iniza kichupa chenye mililita 200 za maji. Maji hayo ni gramu 200, basi mvuto haubadiliki. Kikishatulia, kaza skrubu, kata mshipi uliobaki, ondoa kichupa.

Rudisha mizani kwenye sufuri. Shusha kisu wima katikati ya pengo, polepole, bila kukisogeza mbele wala nyuma. Ukikiburuta hata kidogo kitakata kwa nguvu ndogo na utajidanganya. Mkono usiguse mbao. Namba za mizani huchelewa, kwa hiyo mimi naegemeza simu na kurekodi video, kisha natafuta namba kubwa ya mwisho kabla ya kukatika. Pima mara tano sehemu ileile ya ubapa, kila mara kwa mshipi mpya, uchukue wastani. Ncha na katikati zipime mbalimbali. Visu vyangu vingi ni butu karibu na mpini, mahali nilipokuwa nanoa kwa uvivu.

Mama yangu alinikuta nimeinama juu ya mizani. "Mwanangu, siku hizi kisu kinapimwa uzito?" Nikachukua kisu chake, 520. Nikakipitisha kwenye jiwe, 170. Akacheka, akaenda nacho. Jioni nikakipima tena: 360!

Hapo ndipo kifaa kilinifundisha kitu. Jiwe likila upande mmoja, chuma chembamba hujikunja kwenda upande wa pili. Chuma hicho kinakata vizuri kwa muda mfupi, kisha kinalala. Kwa hiyo siku hizi, baada ya kunoa, nakata ubao laini mara kumi ndipo napima. Namba ikipanda sana, narudi kwenye jiwe kwa mkono mwepesi, kisha kwenye mkanda wa ngozi.

Gramu zangu usizilinganishe na zako, maana mishipi haifanani. Anza na wembe mpya: wangu ulikata kwa 55. Iandike namba hiyo kwenye mbao kwa kalamu ya wino usiofutika, na ukinunua bunda jingine la mshipi, pima wembe mpya tena kabla ya kugusa kisu.