Jinsi ya kuomba nyaraka kijiji kinapobadili eneo la malisho (Kilwa na Lindi kwa jumla)

Tangu wafugaji walioondolewa bonde la Usangu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007 waelekezwe Kilwa na Lindi, hakuna neno linalojaza mkutano wa kijiji kama "malisho". Mwenye ufuta ana lake, mwenye mikorosho ana lake, mwenye ng'ombe naye ana lake. Kituo cha kunenepesha ng'ombe, yaani zizi kubwa ambamo ng'ombe hulishwa pumba na mashudu kabla ya kwenda machinjioni, kinaongeza mvutano. Unaamka unasikia eneo la kilimo limekuwa la mifugo, au la mifugo limekuwa la kilimo, na ukiuliza unajibiwa: mkutano ulishapitisha. Sawa, karatasi iko wapi?

Kabla ya kushika kalamu, jua unaomba nini. Ukiandika "naomba taarifa zote za ardhi" utasubiri mpaka uchoke. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji hupendekeza mgawanyo wa ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, ndio unaoidhinisha. Sheria ndogo ya kijiji nayo hupelekwa mbele ya wananchi, kisha halmashauri ya wilaya huipa idhini. Kila hatua inaacha karatasi. Basi omba karatasi hizo kwa majina yake: muhtasari wa mkutano mkuu, orodha ya mahudhurio, muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji, ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi (ya zamani na mpya), na sheria ndogo yenye idhini ya wilaya. Ikiwa kuna kituo cha kunenepesha kinachojengwa, ongeza taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira, kama ilifanyika.

Usiisahau orodha ya mahudhurio. Muhtasari mtu anaweza kuuandika vizuri akiwa amekaa peke yake. Niliwahi kupitia orodha moja nikakuta jina na saini ya mjomba wangu. Tarehe ile mjomba alikuwa amelazwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji.

Barua iwe fupi. Kwa karatasi za kijiji, mwandikie Afisa Mtendaji wa Kijiji. Kwa zilizofika wilayani, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Juu weka jina lako, kijiji, simu na tarehe. Haki ya kupata taarifa sheria imeitoa kwa raia, kwa hiyo weka na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) kama unayo. Kisha:

"YAH: MAOMBI YA TAARIFA KUHUSU MABADILIKO YA ENEO LA MALISHO
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa kitongoji cha ........ Kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa Na. 6 ya 2016, naomba nakala za nyaraka zifuatazo: ........ Kama hazipo katika ofisi yako, naomba nielekezwe zilipo kwa maandishi."

Sentensi ya mwisho usiikate. Inazuia ule mchezo wa kijiji kukutuma wilayani na wilaya kukurudisha kijijini. Asiyejua kuandika asirudi nyumbani: sheria inamtaka afisa wa taarifa amsaidie kuyaweka maombi yake katika maandishi. Ukipewa fomu, ijaze, lakini barua yako iambatanishe.

Chapisha nakala mbili na uzipeleke mwenyewe. Salimia, kaa, eleza kwa utulivu. Mtendaji naye ana mabosi wake. Moja inabaki masijala, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi mikononi mwako. Bila muhuri huo hujaomba kitu. Anayetoka Njinjo au Likawage mpaka Kilwa Masoko anajua nauli inauma, na kishawishi cha kumpa mtu wa bodaboda bahasha "akuachie pale" ni kikubwa. Usifanye hivyo.

Kuanzia tarehe ya muhuri, ofisi ina siku zisizozidi 30 kukujibu. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala, dai risiti. Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi, kisha ndani ya siku 30 tangu upate jibu omba mkuu wa taasisi aupitie uamuzi huo. Naye ana siku 30. Akikataa, kinachofuata ni rufaa kwa Waziri.

Wakati unasubiri, tumia njia ya mkutano. Mkutano mkuu wa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na muhtasari uliopita husomwa mwanzoni. Mwombe mwenyekiti ausome wote, pamoja na ajenda ya ardhi, badala ya "tuchukulie umesomwa". Mara nyingine hilo peke yake linatosha kuitoa karatasi kabatini.

Nyaraka zikifika, usiziongeze wala kuzipunguza neno unapowaonyesha wengine. Kupotosha taarifa uliyopewa chini ya sheria hii ni kosa. Chukua ramani mpya na ya zamani, mtafute mzee anayekumbuka bikoni (alama za mpaka) zilipochimbiwa, na umchukue mfugaji mmoja pia, maana mapito ya ng'ombe na mahali pa kunywesha anayajua yeye. Tembeeni mpaka wote kwa miguu. Mstari wa kwenye karatasi usipolingana na bikoni, andikeni ni wapi na kwa hatua ngapi. Maelezo hayo ndiyo yaende kwenye mkutano unaofuata.