Kufundisha tahajia kwa namba za siri: mtoto afumbe, asiishie kufumbua

Katika mchezo huu kila herufi ina namba yake: kufumba ni kuandika neno kwa namba, kufumbua ni kuzigeuza namba kuwa herufi. Unamfaa mtoto wa miaka sita hadi minane, anayezijua herufi zote lakini bado anaandika "kondo" akikusudia kondoo, au "n'gombe". Vifaa ni daftari la hesabu lenye visanduku, penseli, ufutio na kipande cha boksi cha kuandikia ufunguo. Basi. Yale magurudumu mawili ya kadibodi yanayozungushwa ili kuoanisha herufi na alama yake ya siri yanapendeza machoni, ila kidole kikiteleza katikati ya neno gurudumu linahama, na nusu ya pili ya neno inakuwa takataka. Mbinu ya Julius Caesar, mtawala wa Roma ya kale, ya kuandika badala ya kila herufi ile iliyo nafasi tatu mbele yake (a inakuwa d) nayo iache kwanza: inamtwika mtoto hesabu juu ya tahajia, na akikosea hujui kakosea ipi.

Hatua ya 1: Kinyume, kwa mdomo

Kabla ya penseli, cheza kinyume kama watoto wa pwani: silabi ya mwisho inahamia mbele. Kalamu inakuwa mukala, nyumba inakuwa mbanyu. Akisema "banyum", amekata nyum-ba badala ya nyu-mba. Rudia naye kwa makofi, mawili tu. Kondoo ni makofi matatu, ko-ndo-o, na kinyume chake ni okondo. Ile o iliyorukia mbele ndiyo atakayoisahau kwenye karatasi, kwa hiyo mwache aiseme mara nyingi na aicheke.

Hatua ya 2: Ufunguo

Ondoa q na x, zinabaki herufi 24:

a1 b2 c3 d4 e5 f6 g7 h8 i9 j10 k11 l12 m13 n14 o15 p16 r17 s18 t19 u20 v21 w22 y23 z24

Ritifaa, yaani kile kialama cha ng', ipe 0.

Hatua ya 3: Maneno

Yatoe kwenye daftari lake la imla, yale aliyokosea. Matano kwa siku yanatosha.

Hatua ya 4: Kufumba

Watu wengi humpa mtoto namba, naye anazigeuza kuwa herufi. Huko ni kufumbua, na kunafundisha kusoma zaidi kuliko tahajia, kwa sababu ufunguo unamletea kila herufi mkononi. Fanya hivyo siku ya kwanza tu, kwa maneno mawili matatu, aelewe mchezo. Kuanzia hapo yeye ndiye afumbe: anasikia neno au anaona picha, analitafuta kichwani, kisha analiandika kwa namba. Neno lililoandikwa asilione kabisa, hata ubaoni nyuma yako. Akiliona atanakili.

Namba moja, kisanduku kimoja. Bila visanduku, 112 inaweza kuwa 1-1-2 (aab), 11-2 (kb) au 1-12 (al), na mtaumaliza mchana mkibishana.

Utashawishika kuipa ch namba yake, maana ni sauti moja. Usifanye hivyo. Ukiipa namba moja, mtoto hataisahau h kwa sababu hatalazimika kuikumbuka, na siku ya imla ataandika "coo". Choo iwe 3-8-15-15, halafu chora upinde mdogo chini ya 3 na 8 kuonyesha kwamba zinatamkwa pamoja. Mwambie c haitembei peke yake, h iko nyuma yake daima. Fanya vivyo hivyo kwa sh (18-8), th (19-8), dh (4-8), gh (7-8) na ny (14-23). Upinde uchore wewe wiki ya kwanza. Baadaye achore mwenyewe, na pale atakapousahau ndipo penye kazi.

Ng'ombe ni 14-7-0-15-13-2-5. Anayeandika "n'gombe" ataleta 14-0-7, na kosa lililojificha kwenye mwandiko mbaya hapa linaonekana waziwazi: sifuri imejipenyeza katikati. Mpe ngoma papo hapo, 14-7-15-13-1, aone kwamba haina sifuri, kisha ayatamke yote mawili.

Mahali mchezo unapokwama ni r na l. Mtoto ambaye nyumbani kwao sauti hizo hazitofautishwi ataandika 12 mahali pa 17 bila wasiwasi wowote, na kumrudishia neno mara kumi hakusaidii, kwa kuwa sikio lake linasikia kitu kimoja. Hapa mpe picha. Chora kalamu upande mmoja, na sinia la pilau lililozungukwa na watu upande wa pili. Ya kwanza ni 11-1-12-1-13-20, karamu ni 11-1-17-1-13-20. Acha kisanduku cha tatu kitupu katika yote mawili, akijaze. Herufi hizi atazishika kwa jicho na maana kwanza, sikio litafuata.

Hatua ya 5: Barua

Mtoto afiche kitu, aandike kilipo kwa namba, mwenzake akitafute. "Chini ya mkeka" inatosha: 3-8-9-14-9, 23-1, 13-11-5-11-1. Anayefumbua asome kilichoandikwa vilevile, pamoja na makosa yake. Ukiletewa 11-15-14-4-15, soma "kondo" kwa sauti na mwangalie. Kalamu nyekundu iache mfukoni. Mara nyingi atakunyang'anya karatasi aongeze 15 mwenyewe.

Baada ya wiki chache ataukariri ufunguo na kuacha kuuangalia. Usiubadilishe ili kumtatiza. Muda aliokuwa akiutumia kutafuta namba sasa anautumia kuwaza herufi, kwa hiyo mwongezee urefu wa maneno.